Mikomamanga ya Kwihara

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Kwihara, Unyanyembe, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni 1871, na hakukaa sana kabla masinia hayajaanza kuingia. Moja lilikuwa na wali na mchuzi wa kuku, la pili mikate mikubwa ya ngano, la tatu maandazi yaliyokuwa bado yanafuka moshi. Likaja la mapapai, likaja la makomamanga na malimau. Nyuma ya masinia wakafuata watu wakiswaga ng'ombe watano wa nundu, kondoo wanane na mbuzi kumi, na mwingine amebeba kuku na mayai ya kutaga siku ile. Zilikuwa salamu za Waarabu wa Tabora kwa mgeni. Stanley, aliyekuwa njiani tangu Machi alipoiacha Bagamoyo, aliziandika zote moja moja, kwa raha ya mtu aliyetoka kwenye njaa.

Ng'ombe na mbuzi hawashangazi katika nchi ile. Kuku na wali pia. Mimi hunishangaza komamanga. Mwishoni mwa Juni kiangazi kimekwisha kukaa Unyamwezi, mvua ya mwisho imesahaulika, majani yamegeuka rangi ya udongo na upepo wa asubuhi una baridi inayokata midomo. Mkomamanga ni mti wa Uajemi na Uarabuni, haukujiotea wenyewe kwenye miombo. Mtu akikuletea tunda hilo mahali palipo mwendo wa miezi mitatu kutoka pwani, ujue kuna mtu aliyebeba mbegu au chipukizi, kuna mtu aliyeupanda, na kuna mtu ambaye jioni baada ya jioni aliuchotea maji. Wa kwanza na wa pili historia inawafahamu kidogo. Wa tatu ndiye mwenye bustani hasa, naye ndiye aliyeandikwa kidogo kuliko wote.

Thamani ya sinia lile huijui mpaka uwe umepita Ugogo. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika Mpwapwa, ikajaza vibuyu, kisha ikaingia Marenga Mkali, kipande cha nyika kavu ambacho wapagazi walikikata kwa mwendo wa haraka, mchana na usiku, kwa sababu maji yake ama hayakuwapo ama yalikuwa ya magadi. Mbele yake ndipo Ugogo ilipoanzia, na hapo watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa na kurasa kulalamikia hongo ya Ugogo kana kwamba ilikuwa unyang'anyi mtupu. Lakini tazama nchi yenyewe. Dodoma ya leo hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Msafara wa watu mia kadhaa, na punda wake, ukifika kwenye kisima cha kijiji mwezi wa Septemba unaweza kukikausha kwa siku moja. Mtemi aliyedai vitambaa kabla hajaruhusu watu wanywe alikuwa anauza kitu adimu kuliko vitambaa vyote vilivyokuwa vichwani mwa wapagazi.

Huko Ugogo msafiri aliona pia namna ya kujenga ambayo angeikuta tena Tabora. Tembe la Kigogo ni nyumba ya chini, ndefu, yenye pembe za mraba: kuta za miti iliyokandikwa udongo, paa bapa la mapau, matawi na udongo uliokanyagwa, vyumba vikipangana kuuzunguka ua. Ndani ya ua hulala mifugo. Nje huoni kitu ila ukuta. Upepo wa uwanda ule unaopeperusha vumbi mchana kutwa hupita juu ya paa bila kupata pa kushika, na mwizi wa ng'ombe huanza kwa kutafuta mlango. Waarabu waliokwenda kuishi bara hawakujenga nyumba za Unguja wala za Maskat. Hakukuwa na mawe ya matumbawe wala chokaa. Walichukua tembe, wakalipanua, wakalitia milango mizito ya mbao na baraza pana, na ndani ya ua, palipokuwa pa ng'ombe, wakapanda matunda. Msafiri wa Kiingereza Richard Burton aliliona hilo waziwazi: aliandika kuwa nyumba zao ni tembe la Kiafrika lililorekebishwa kwa mahitaji ya Waislamu. Kwa hiyo ukuta wa bustani ya Kwihara ni ukuta wa bara. Kilichotoka ng'ambo ni miti tu.

Burton na mwenzake John Hanning Speke waliingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Mtu aliyetarajia mji angevunjika moyo. Palikuwa na matembe makubwa kama nusu dazeni, kila moja na ua wake katikati, vijibustani vyake, ghala zake na vibanda vya watumwa, na vijiji vya Wanyamwezi vimeyazunguka. Waarabu wenyewe mara chache walizidi 25. Aliyempokea Burton ni Snay bin Amir wa kabila la Alharthi, mtu wa vitabu na maongezi, aliyemsaidia kukusanya maneno ya Kinyamwezi na habari za maziwa. Burton anasema tajiri huyo alianza maisha Maskat kwa kutengeneza vitu vitamu vya kuuza, na katika miaka 16 akawa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa wa Afrika Mashariki. Nimewahi kujiuliza kama ndiyo sababu meza za Tabora zilisifiwa vile. Fundi wa halua hakai mbali na sukari, tende na matunda, hata akiwa porini.

Ramani ya nyumba hizo Burton ameichora kwa maneno kwa uangalifu mkubwa. Mbele kuna baraza yenye kivuli, imeegemezwa kwa nguzo nene, na chini yake, kwenye kibaraza cha udongo, wanaume huketi asubuhi na jioni, huswali, huzungumza na kufanya biashara. Kisha mlango: mbao mbili nzito na mnyororo mnene kama wa meli. Mlangoni unaingia sebule yenye viti vya udongo kulia na kushoto, vimefinyangwa hata mito ya kuegemea. Kutoka hapo ujia hupinda makusudi ili macho ya mgeni yasifike ndani. Ndani ndipo ulipo ua, na vyumba vyote vinautazama. Upande wa nje hakuna dirisha. Kuna vitundu tu, vya kupitisha hewa siku za amani na midomo ya bunduki siku za vita.

Burton hakuzipenda nyumba hizo. Aliona giza, ua wenye matope, nge na buibui kwenye mapau, paa lililovuja. Ana haki yake, maana aliwasili Novemba, mvua zikianza, na tembe wakati wa mvua ni mtihani: udongo wa paa hulowa, huwa mzito, hudondoka vipandevipande kitandani. Lakini kumbuka pia alikokaa. Mgeni wa kiume aliishia upande wa baraza na sebule. Ujia uliopinda ulikuwa umejengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Upande wa pili waliishi wanawake, na hawakuwa wachache, wala si wote waliokuwa wageni wa nchi. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akapata nguvu ambazo bunduki peke yake zisingempa. Habari nyingi tulizonazo za nyumba hizi zimeandikwa na watu waliokaa barazani.

Na ule mnyororo? Burton mwenyewe anaueleza: uliwekwa kwa sababu ya watumwa waliokuwa bado hawajatulia, yaani waliotekwa karibuni na waliokuwa tayari kutoroka. Mlango wa bustani ulifungwa zaidi kwa hofu ya waliomo kuliko ya mwizi wa nje.

Orodha ya mimea ya Unyanyembe inavutia kuisoma hata leo. Mashambani mpunga, mtama, mahindi, ufuta, mihogo, viazi vitamu, choroko. Karibu na matembe ngano kidogo kwa matumizi ya nyumbani, michungwa, milimau, mipapai na miembe. Kwa Waarabu wakubwa ungepata vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na bilingani. Stanley, aliyekula kwao, aliwaita watu wanaojua kula. Tabora ya wakati ule ilikuwa na nyanya na bilingani wakati sehemu nyingi za bara hazijaviona.

Sasa mtu yeyote aliyewahi kulima bustani ya kiangazi kwenye uwanda wa kati, Dodoma au Tabora, Singida au Manyoni, anajua orodha hiyo ina maana gani kwa mgongo. Mvua hukatika mwezi wa Aprili au Mei na hazirudi mpaka Novemba. Bilingani likikosa maji siku mbili huinamisha majani, la tatu linaangusha maua. Kitunguu kikinyimwa maji hukomaa kabla hakijanenepa. Mkomamanga ni mvumilivu zaidi, ukishashika mizizi unaweza kustahimili ukame, lakini tunda lake lina hila: ukiuacha mti ukauke kisha ukaujaza maji kwa mkupuo mmoja, ganda linapasuka na sisimizi wanafika kabla yako. Unataka maji kidogo, kwa kipimo, kila mara. Hakukuwa na bomba wala gurudumu. Kulikuwa na kisima kilichochimbwa kwa jembe, kamba, kibuyu au mtungi, na kichwa cha kubebea. Kadiri kiangazi kilivyoendelea ndivyo maji yalivyoshuka na kamba ikarefuka. Kazi hiyo ilikuwa ya watumwa, wengi wao wanawake na vijana, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 wengi zaidi walikuwa mateka kutoka Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Stanley alihesabu kondoo na mbuzi aliozawadiwa. Aliyemwagilia lile komamanga hakumtaja, na nadhani hakumfikiria.

Wanyamwezi wenyewe walikuwa jambo jingine. Wao ndio walikuwa wapagazi mashuhuri wa nchi nzima, waliobeba pembe hadi pwani na kurudi na vitambaa, kwa ujira na kwa fahari, na mtemi wao ndiye aliyekuwa mwenye ardhi. Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wageni, na ugeni wao ulianza kuota pembe baada ya Fundikira kufa mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sele, alitaka kutoza kodi bidhaa zinazoingia. Waarabu wakampinga, wakamsaidia Mkasiwa kukaa kwenye kiti, na Mnywa Sele akaingia porini akipigana. Vita hivyo vilimuua Snay bin Amir mwaka 1861. Mnywa Sele alishikwa na kukatwa kichwa mwaka 1865. Muda mfupi baadaye, huko Urambo, akainuka mtu mwingine ambaye hakuwa wa kushikika kirahisi: Mirambo.

Liwali wa Waarabu alikuwa Said bin Salim, na hapa historia inatuchekesha kidogo, kwani ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Burton mwaka 1857, wakagombana, Burton akaandika mabaya yake yote. Miaka si mingi baadaye mtu huyo huyo ndiye mkubwa wa Unyanyembe anayewapangia Wazungu nyumba. Stanley alipewa tembe Kwihara, bonde lililo kilomita chache kutoka Tabora, jirani na Kwikuru alikokaa mtemi Mkasiwa. Ndilo tembe hili tunalolitembelea leo.

Agosti 1871 Waarabu walimwendea Mirambo kwa vita, Stanley akafuatana nao, wakashindwa vibaya. Mirambo hakungoja. Tarehe 22 Agosti alishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa mji, alitoka kumkabili na akauawa pamoja na vijana aliowalea. Sehemu ya mji ikachomwa. Kwihara waliuona moshi. Stanley akaligeuza tembe kuwa ngome kwa siku moja. Watu wake walitoboa matundu ya bunduki katika kuta nene za udongo, wakachimba mashimo ya kujificha nje, wakabomoa vibanda vilivyokinga macho, wakajaza chakula na maji ya kuwatosha kwa siku kadhaa, na bendera ya Marekani ikapandishwa. Jambo la kuangalia ni jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nyepesi. Nyumba ilikuwa imejengwa kwa siku kama hiyo. Mirambo hakuja Kwihara. Mwezi mmoja baadaye Stanley akaondoka kwa njia ya kusini kuzunguka vita, akaelekea Ujiji, akamkuta David Livingstone, mvumbuzi wa Kiskoti aliyekuwa akimtafuta.

Walirudi wote wawili Kwihara Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kwenda pwani, akiahidi kutuma watu wa kumsindikiza mzee katika safari yake ya mwisho. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, na hakuwa na la kufanya ila kungoja. Waswahili wana methali ya mgeni na jembe, kwamba siku ya tatu apewe. Livingstone alikaa Kwihara miezi mitano na zaidi, na jembe hakupewa.

Miezi hiyo ndiyo inayotupa picha ya karibu kabisa ya ua wa Kwihara wakati wa kiangazi, kwa sababu mtu yule hakuweza kukaa bila kuandika. Alitengeneza jibini kwa ajili ya safari, akaeleza kuwa haikuwa mbaya ila ilikuwa chachu kidogo, kwani katika joto lile maziwa huganda yenyewe kwa nusu siku. Aliwatembelea majirani Waarabu, akasikiliza uvumi wa Mirambo, akahesabu siku ambazo watu wangehitaji kutoka pwani. Na aliwatazama ndege. Katika mikomamanga ya uani lilikuja kundi la ndege kumi wadogo ambao aliwataja kuwa fumbwe. Wanane walikuwa makinda, manyoya yameshakamilika, lakini bado wanalia kulishwa. Mama aliwapa chakula kutoka kwenye gole lake, kama njiwa anavyofanya, ila bila kuinama na kujikunja kama njiwa. Dume mwenye kifua chekundu alitoa mara moja au mbili, kisha akawafukuza wengine.

Nimesoma maelezo hayo mara nyingi, na nina shaka nayo kwa namna inayonifurahisha. Fumbwe hawalei watoto wao. Wataalamu wa ndege walikuja kuthibitisha kwamba huiba malezi: hutaga mayai katika viota vya ndege wengine wadogo wala mbegu, nao hao huyaatamia na kulisha makinda yasiyo yao pamoja na ya kwao. Dume mwenye kifua chekundu anayelisha makinda mtini anafanana zaidi na hao walezi wanaotagiwa kuliko na fumbwe mwenyewe. Sidhani kama Livingstone aliona vibaya; macho yake yalikuwa mazuri mno. Nadhani aliona sawasawa na akakosea jina.

Lakini kitu kizito zaidi alichokiandika katika nyumba ile si habari za ndege. Tarehe 1 Mei 1872 alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald, lililomtuma Stanley. Mwaka uliotangulia, Julai 1871, alikuwa ameshuhudia Nyangwe, Manyema, wafanyabiashara wa watumwa wakiwapiga risasi watu sokoni, wengi wao wanawake, na mtoni walikokimbilia. Mwishoni mwa barua, akiwa katika upweke wa Kwihara, alimwombea heri kila mtu, wa taifa lolote, atakayesaidia kuikomesha biashara hiyo. Maneno hayo ndiyo yaliyochongwa juu ya kaburi lake Westminster Abbey, London, na watalii wengi huyasoma bila kujua yaliandikwa wapi. Yaliandikwa Tabora, katika nyumba aliyopewa na Waarabu wa biashara ile ile, katika mji ambao kila mboga ya kiangazi ilinyweshwa na watu waliotekwa huko Manyema na kwingineko. Alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alikula mkate wa mwenyeji na akamshitaki mwenyeji, na sijui ni nani katika zama zile angeweza kwenda bara bila kufanya hivyo.

Watu wa Stanley walifika katikati ya Agosti, 57 kwa idadi, na tarehe 25 Agosti safari ikaanza. Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, mwanzoni mwa Mei 1873. Watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza kuubeba.

Oktoba mwaka huo mzigo ule ukafika Kwihara, na ndani ya tembe lile lile wakamkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, anatetemeka kwa homa na macho yake hayaoni vizuri. Wenzake, Dillon na Murphy, walikuwa hoi pia. Cameron alishauri mwili uzikwe hapo hapo Unyanyembe. Alihofia Ugogo, alihofia jinsi watu watakavyoichukulia maiti inayopitishwa nchini mwao. Susi na Chuma walikataa. Walikuwa wameubeba kwa miezi, na nia yao ilikuwa pwani. Ni jambo la kufikiri: kama wangekubali, kaburi la Livingstone lingekuwa hapa na si Westminster. Hofu ya Cameron haikuwa ya bure, maana mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walikataa maiti isipite. Wasafiri wakafanya ujanja: wakafunga maiti ya uongo, wakaituma ionekane inarudishwa Unyanyembe kuzikwa, na mwili wa kweli wakaufunga upya kama robota la vitambaa. Hapo hapo Kasekera, Novemba, Dillon aliyechanganyikiwa kwa homa alijipiga risasi. Februari 1874 robota lilifika Bagamoyo.

Baada ya hapo Kwihara inatoka kwenye vitabu vya wasafiri, na mambo yanakwenda haraka. Mtemi Isike alitawala Unyanyembe tangu mwaka 1876 na hakuwaogopa Waarabu wala Wajerumani. Emin Pasha alipandisha bendera ya Kijerumani Tabora mwaka 1890. Januari 1893 majeshi ya Tom von Prince yaliivamia ngome ya Isike, naye akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Njia ya misafara ikafa kwa vituo viwili hivyo: pembe na vitambaa vikapanda behewa, na nyumba zilizokuwa zinaishi kwa kulisha na kukopesha misafara zikabaki mbali na stesheni. Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, kisha wakaja Waingereza.

Bustani zile zilikuwa zimeshapata pigo jingine lisilo na mizinga. Wajerumani walitangaza kuwa mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 kumalizika atakuwa huru. Waingereza waliufuta utumwa kisheria mwaka 1922. Bilingani la Agosti linalohitaji mtungi kila jioni ni chakula cha bei nafuu pale tu asiyelipwa anapoubeba mtungi. Akiondoka, tajiri ana mambo mawili: alipe, au apande kitu kisichotaka maji. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ukimuuliza mtu yeyote leo akutajie mti wa Tabora hatakutajia mkomamanga. Atakutajia mwembe. Mwembe ulikuja na misafara hiyo hiyo, lakini mizizi yake huzama chini kutafuta maji yenyewe, na kokwa lililotupwa na mpagazi barabarani huota bila kuuliza ni la nani. Uliruka ukuta wa matembe, ukafuata njia mpaka Ujiji, ukawa wa kila mtu.

Jengo la Kwihara limejengwa upya na kukarabatiwa, na sasa ni makumbusho madogo, kilomita sita hivi kutoka mjini kwa barabara ya vumbi. Kuta zina rangi nyekundu iliyokolea, paa ni bapa, milango ina nakshi, na ndani mna nakala za barua, ramani na picha. Nenda kiangazi, Juni hadi Septemba, asubuhi. Wakati wa mvua utaielewa hasira ya Burton lakini hutaielewa bustani. Simama kwanza nje uone jinsi ukuta usivyokuambia lolote. Kisha ingia uani utazame jinsi mwanga unavyomiminika mahali pamoja na kuviacha vyumba gizani.

Watu wote hupaita Tembe la Livingstone. Sina ugomvi na Livingstone, ila ni ajabu nyumba kubeba jina la mgeni aliyekaa miezi mitano. Ningekuwa na sauti katika mambo ya makumbusho ya nchi hii, nisingebadili jina. Ningechimba kisima kimoja uani au karibu yake, nikapanda mikomamanga miwili, kitalu cha ngano, matuta ya vitunguu na bilingani, vile vile vilivyoorodheshwa mwaka 1871, na nisingeweka bomba. Shule ya Wavulana Tabora, aliyosoma Julius Nyerere, haiko mbali, na mji una shule nyingine tele. Kila darasa linalokuja kutembelea Agosti lipewe mitungi, kamba na jioni moja ya kumwagilia kabla halijasomewa barua ya Mzungu yeyote, na mwalimu aandike ubaoni hesabu ya mitungi iliyotumika kwa kitalu kimoja.